Mbele ya Kiwanja Kuna Nyumba za Watu

Ijumaa jioni, mwezi wa nane, La Rochelle, mtaa wa wageni katika jiji la dhahabu kusini mwa Afrika. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari, na mimi sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia ni uchovu tu. Nimemdanganya.

Naiogopa kesho.

Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: jina langu Salimu, mtu wa Tanga, fundi wa kushona viti vya magari. Karakana yangu iko Doornfontein. Miaka michache iliyopita aliingia mzee mmoja wa Kizungu na robota la kitambaa begani, akaniuliza kama naweza kushona mabawa ya ndege. Nilicheka, nikadhani ameanza kunywa mapema. Leo mzee huyo, Koos, ni rafiki yangu kuliko watu wengi niliotoka nao nyumbani.

Anaunda ndege mwenyewe, bandani kwake, kwenye shamba nje ya mji. Nakala ya zile za Vita vya Kwanza vya Dunia: bawa moja juu, jingine chini, mbao, waya na kitambaa. Ni mpya kabisa, lakini kila kitu ndani yake ni cha kizamani, na hatari zake pia ni za kizamani. Humo mbele ya rubani kuna kibao kinachosema wazi kwamba chombo hiki hakijathibitishwa kama ndege za kiwandani, na anayepanda anapanda kwa hiari yake. Mzee Koos alikipiga skrubu mwenyewe huku akipiga mluzi.

Mabawa hayo hushonwa na watu wawili. Mmoja anasimama upande huu, mwenzake upande ule, na sindano ndefu inapita katikati, inakwenda na kurudi. Kila mshono una fundo lake linalojitegemea, ili uzi ukikatika mahali pamoja, pengine pote pashike. Mimi upande huu, Mzee Koos upande ule, hatuonani. Yeye akisimulia habari za marehemu mkewe, mimi za mama yangu, sindano ikipita. Hivyo ndivyo tulivyozoeana.

Kwa hiyo msiniambie kwamba watu hawa ni wazembe. Sijaona binadamu anayeogopa ajali kwa uangalifu kama Mzee Koos. Mshono ukipinda kidogo, anaufumua. Waya ukimtia shaka, anautupa. Upepo ukizidi, anakaa chini anakunywa kahawa.

Neville alikuwa hivyohivyo.

Neville alikuwa jirani yake wa shamba la pili, na yeye alikuwa na ndege ya namna hiyo. Mwezi wa tano aliruka kutoka kiwanja cha nyasi kilicho kando ya banda la Mzee Koos, nasi tumesimama tunapunga mikono. Alipofika juu kidogo ya miti, injini ilikohoa, ikanyamaza. Sijawahi kusikia ukimya mbaya kama ule.

Marubani hawa wana sheria moja wanayoirudia kila wakikutana: injini ikizima ukiwa bado chini, usigeuke. Shusha pua, tua mbele yako, popote palipo. Ndege ya mabawa mawili ikikosa injini inashuka kama tofali, na ukijaribu kuigeuza urudi kiwanjani, bawa la ndani ya kona linakufa, upepo haulibebi tena, na unakwenda chini nalo. Neville mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo, akionyesha kwa kiganja chake juu ya meza.

Neville aligeuka.

Wenzake walitikisa vichwa msibani. Walisema ndiyo kosa la zamani kuliko yote, hata rubani mzuri mkono unamvuta kurudi nyumbani. Mimi sikutikisa changu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mahali ambapo niliona alichokiona. Mbele ya kiwanja, palipokuwa na shamba la mahindi Mzee Koos alipohamia, sasa kuna vibanda vya mabati. Vimeongezeka mwaka hadi mwaka. Kuna kamba za nguo, kuna spaza, kiduka cha vitu vidogovidogo, kuna watoto wanaocheza mpira. Hakukuwa na "mbele" ya kutua.

Na kiwanja kile hakina upande mwingine. Nyuma kuna kilima na nyaya za umeme. Kila ndege inayoruka pale inaruka kuelekea vibandani.

Kesho Mzee Koos anairusha yake kwa mara ya kwanza. Kuna uwanja mkubwa wa ndege upande wa mbali wa mji, pori tupu mbele na nyuma. Mabawa yanafunguka na kutoka, tungeipakia kwenye trela tukafika huko kabla ya adhuhuri. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Kwao ni mila: ndege hunyanyuka mara ya kwanza kutoka pale ilipoundwa. Neville alifanya hivyo, na aliyemfundisha Neville alifanya hivyo. Kuibeba kwenye trela, alisema, ni kumpeleka bibi harusi kwa mume akiwa kwenye jeneza.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda tena. Nikamuuliza moja kwa moja: ikizima kesho, utakwenda wapi? Siku zote jibu lake lilikuwa "mbele". Leo aliweka kikombe chini.

"Nitageuka, Salimu. Siwezi kushuka juu ya watoto."

Alisema kwa utulivu, na najua alimaanisha. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa alikuwa ananiambia namna atakavyokufa. Halafu nikawaza jambo baya zaidi. Leo anasema hivyo ameketi, na kahawa iko mezani. Injini ikinyamaza kweli, mkono utafanya nini? Yeye hajui, na mimi sijui.

Sisi wageni wa mji huu tunapima hatari kila siku. Njia ipi ya kupita, simu uitoe wapi, lugha gani uiseme kwa sauti ndani ya taksi, daladala za huku. Hatari si kitu kigeni kwangu. Mzee Koos akitaka kuiweka roho yake kwenye mizani, ni yake, na ameipima vizuri kuliko mimi. Lakini kibao kile cha hiari kimepigwa ndani ya ndege. Vibandani hakuna kibao.

Nilipotoka kwake nikapita kwa Mama Furaha. Ni mwanamke wa Bukavu, anasuka nywele kwenye kibanda cha mstari wa kwanza, na mke wangu ni mteja wake. Nikamwambia kesho asubuhi awachukue watoto aende nao mjini, ndege itaruka. Hakuacha kusuka, akaniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake.

"Papa Zuhura, mi niliona ile ya kwanza vile ilianguka. Batoto nabo baliona. Kesho niende, sawa. Na ile siku ingine? Eish, niko nakimbia mpaka wapi? Umuambie ule muzee asipande."

Ndiyo hayo tu aliyosema. Nimerudi nayo kwenye taksi mpaka hapa, na bado yananisumbua.

Injini ya ndege ile haina stata. Lazima mtu asimame mbele yake aizungushe propela kwa mikono, rubani akiwa ameketi ndani ameshika breki. Kazi hiyo ilikuwa ya Neville. Tangu azikwe, wenzake wamekuwa na udhuru kila Jumamosi, na Mzee Koos bega lake la kulia ni bovu. Amebaki mtu mmoja tu wa kuizungusha, na mtu huyo ni mimi.

Sitaizungusha.

Nitamwambia tufungue mabawa, tupakie, twende kwenye ule uwanja mwingine, na huko nitaizungusha mpaka mikono iote malengelenge. Pale kwake, hapana. Najua atanijia juu. Huenda akaniambia nisikanyage tena bandani mwake, na sijui nitazifanyia nini Jumamosi zangu.

Ila namjua. Nikiondoka, atajaribu kuiwasha peke yake, na bega lake hilo, bila mtu wa kushika breki. Propela haimsamehe anayeteleza.

Kwa hiyo sitaondoka. Nitakataa, halafu nitakaa palepale mbele ya ndege yake mpaka achoke kunichukia.