Mwiko Hauwekwi Chini

Baba Salma,

Ulikosea. Nimekuombea dua asubuhi, nimemaliza, sasa nnakusema. Usidhani kufa kumekuokoa na mdomo wangu.

Vipi unamwita Makame pembeni unamwambia, "Nikiondoka, jiko hili la halua ni lako," kisha unamwita Seif nyuma ya tangi la maji unamwambia hayo hayo? Mafundi wako wale ni watu wazima, wana wake na watoto. Kila mmoja kayafunga maneno yako kifuani kama hirizi. Ulipokuwa hai walinyamaza. Matanga hayajaanuliwa, Seif akakalia kigoda chako. Makame akamwambia, "Inuka hapo, mgeni wee." Mgeni! Seif kazaliwa Kikwajuni hii hii, ati kwa kuwa babu yake alitoka bara. Seif naye akamwambia arudi kwao Tumbatu akavue pweza. Tangu siku hiyo hawasemeshani.

Na halua haijui ugomvi wa mtu. Unakumbuka ulivyonifundisha nlipokuja kwenu mwali? Mwiko hauwekwi chini mpaka sufuria iteremke. Anayechoka husema "Shika," anayepokea husema "Nshashika," ndipo wa kwanza aachie. Mie nlicheka, nikaona mnacheza mchezo wa watoto. Ukanikazia macho. Ukasema sukari haimngoji mtu.

Basi juzi tulikuwa na halua ya harusi, ya kwenda Bububu. Makame kachoka, jasho linamtiririka. Badala ya kutamka neno moja, kauegemeza mwiko ukingoni mwa sufuria, kaondoka zake. Seif kasimama pale pale, mikono kaikunja. Anauona. Anangoja aambiwe. Mie nlikuwa ndani nnamenya hiliki; harufu ndiyo iliyoniita. Nlipofika, chini kushakuwa lami, na samli yote ile. Nikauliza nani kafanya haya. Makame kasema, "Mie nlishauacha, bibi." Seif kasema, "Mie sikupewa." Wote wawili wasema kweli, na halua imeungua.

Nimekwenda mwenyewe kumwomba radhi mama wa bibi harusi, na magoti yangu haya. Kaniambia, "Enzi za mzee haya hayakuwepo."

Hayakuwepo kwa sababu ulikuwa ukiwapoza. Akija huyu, wamwambia una haki. Akija yule, una haki. Nlikwambia, waketishe mkeka mmoja watoleane yao mbele yako. Ukanijibu, "Maji ya moto hayachomi nyumba." Kweli, nyumba haijaungua. Sufuria ndiyo iliyoungua, naisugua mimi.

Jana alasiri nimekutilia kahawa. Mkono umezoea. Nimekaa nayo mpaka ikapoa, nikainywa mwenyewe, na hasira zangu.

Lakini kilichonichosha kabisa ni ndoto. Leo kaja Makame, kasema umemjia usingizini na kanzu nyeupe, ukamwonyesha kigoda. Hajatoka uani, huyo Seif, naye kaota vile vile, mpaka kanzu. Nikasema moyoni, mzee huyu, hata huko aliko hajaacha.

Kigoda nshakiingiza chumbani kwangu, naweka juu yake msala wangu wa kusalia. Hakikalii mtu. Na kesho asubuhi moto hauwashwi mpaka waseme mbele yangu. Kupendana sikuwaomba. Nataka "Shika" ya Makame ifike sikioni mwa Seif, na "Nshashika" ya Seif irudi, basi. Nao wajue kwamba jiko hukupata kumpa mtu. Ulikuwa unaona haya kumnyima yeyote. Atakayeona tabu, mlango ule pale. Nitakoroga mwenyewe kwa mkono huu huu unaouma. Nakuahidi, jiko lako halizimiki nami nnapumua.

Haya, lala, mume wangu. Mungu akutilie nuru humo ulimo. Na usimtokee tena mmoja peke yake. Ukiwa na neno, waite wote wawili pamoja, na mie niwepo.

Mama Salma