Nne au Tano

S.L.P. 41,
Denton, Montana.
19 Oktoba, 1996.

Mpendwa shemeji Merle,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hamjambo huko Kodiak? Goti la Twyla linaendeleaje? Naomba ile mvua yenu isiyokatika isije ikamrudisha kitandani. Mimi mzima, ila kiuno, na kiuno changu unakijua, hakijawahi kuwa na habari njema tangu nikiwa msichana.

Samaki wa moshi mliotutumia wamefika, tena hawakuharibika hata mmoja. Ahsanteni sana. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana, na ngano ya baridi imechipua vizuri. Yule ng'ombe aliyekupiga teke mwaka juzi amekufa kwa uzee. Mungu amrehemu, maana wewe hutamrehemu.

Basi, utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yetu iko ukutani jikoni, Merle, na kaka yako Orrin siku hizi hukaa jikoni kutwa nzima. Mambo ninayotaka kukwambia hayawezi kusemwa huku yeye ameketi hapo anakoroga kahawa. Nina ombi moja kwako, nalo ni zito, lakini kwanza nikusimulie.

Mwezi uliopita nilikwambia Orrin amebanwa mkono na mlango wa trela. Nilikudanganya. Bastola ilimpasukia mkononi, uwanjani, mbele ya watu wote wa klabu. Kidole gumba cha kushoto hakipo tena, na viwili vilivyofuata havikunjiki. Mwenzake aliyelala akilenga kwenye mkeka wa jirani alipona kwa rehema tu, kwani kipande cha chuma kilipita juu yake kikatoboa paa la banda. Nisamehe kwa uongo ule. Sikujua nianzie wapi.

Nianzie Pasaka. Unakumbuka mlivyozungumza kwenye simu siku ile. Daktari wa Lewistown alikuwa amemwambia kifundo cha mkono wa kulia kimelika, na kama anataka kuendelea kulenga shabaha aachane na ile risasi ya arobaini na nne, Nne kama mnavyoiita, kwa jinsi inavyopiga teke. Wewe ukacheka hadi nikakusikia nikiwa kwenye sinki. "Umri umefika, kaka! Hamia kwenye Tano, risasi ya watu wenye akili!" Naye akakujibu, "Tano ni risasi ya wachungaji wa kanisa." Ubishi wenu huo nimeusikia tangu mwaka nilioolewa. Niliapa kwamba nitakufa bila kuwa na upande.

Lakini ushauri wako ulimwingia. Akaichukua ile bastola ya Tano, arobaini na tano, ya marehemu baba yenu, akaisafisha, na kila asubuhi akawa anaweka risasi mbili mezani kando ya kikombe, moja ya Nne na moja ya Tano, tunazijadili huku tunakunywa kahawa. Kilichomuuma ni kondoo, ile shabaha ya mbali kuliko zote. Wewe umeshindana, unajua: kondoo wa chuma anasimama mita mia mbili, na ukimgonga akalia bila kuanguka, hujapata kitu. Nne humlaza chini. Tano iliyojazwa baruti kidogo, ya kuhurumia mkono, humgusa tu akabaki amesimama. "Unataka niende nikabembeleze kondoo, Della?" akaniuliza. Nikamwambia apige kuku na nguruwe wa chuma walio karibu, kondoo awaachie wenye mikono. Alinuna siku mbili, kisha akakubali. Tano ikashinda. Ilikuwa mwisho wa Juni.

Kesho yake asubuhi nikakuta risasi mbili mezani. "Della, nimewaza sana. Unaonaje, Nne au Tano?"

Nikadhani ananitania. Unamjua kwa mizaha yake ya uso mkavu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Siku ya tano nikashindwa kujizuia, nikamfokea: "Orrin, hili si tumelimaliza wiki nzima sasa!" Shingo ikamwiva. Akazichukua zile risasi polepole, akazitia mfuko wa shati, akatoka nje mpaka jioni. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Tangu hapo sikusema tena kwamba tumeshachagua. Aliuliza kila asubuhi, nami nikajibu kila asubuhi kana kwamba ndiyo kwanza nasikia. Nimekuwa bingwa, shemeji! Hata vijana wa klabu nitawafundisha.

Nilimpeleka kwa daktari mwingine, Great Falls. Akamwuliza leo siku gani, akamwambia achore saa. Orrin alichora saa nzuri sana, mviringo safi, ila namba zote akazirundika upande mmoja. Daktari akanitajia jina la ugonjwa na kusema hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. La kuvunda halina ubani. Nilikuficha na hilo pia, kwa sababu yeye mwenyewe, njiani tukirudi, aliniambia: "Merle asijue. Atanihurumia, na sitaki huruma ya mtu wa Tano."

Sasa nifike penyewe. Unajua utaratibu wake wa kujaza risasi zake mwenyewe, baruti kwenye maganda matupu, maana mlifundishwa na mtu mmoja. Ubao wenye matundu hamsini, maganda yamesimama midomo juu, redio imezimwa, na mtu yeyote asimsemeshe. Miaka arobaini na moja nimekuwa nikitoka nje kwa kuku akianza kupima baruti. Anahesabu kwa Kinorwe, kama baba yenu, kwa sauti ya chini. Akimaliza yote hamsini ndipo huchukua tochi na kumulika ndani ya kila ganda, kutafuta lililotofautiana na wenzake. Na hata baada ya ugonjwa kuanza, mikono yake haikusahau. Ndiyo maana sikumzuia. Nilisema moyoni, jina la jirani anaweza kulisahau, lakini hili haliwezi kumtoka. Nilikosea, Merle, na kosa hilo ni langu peke yangu.

Ile Jumapili ya Agosti uliyopiga simu, alikuwa amefika tundu la hamsini. Nilikuwa narudi kutoka kwa kuku simu ikalia. Ningeweza kukwambia ana kazi, upige baadaye. Lakini asubuhi ile alikuwa ameamka vizuri, amelitaja jina lako, la Twyla, mpaka la mbwa wenu. Nikajisemea, acha aongee na ndugu yake angali anamkumbuka. Nikagonga mlango wa chumba chake.

Mliongea dakika ishirini. Alicheka ile habari ya dubu na boti mpaka akakohoa. Nilisimama pale na taulo mkononi, nikafurahi. Kisha akarudi chumbani, akaona ubao na maganda na mizani, akaanza upya kumimina baruti kutoka ganda la kwanza. Hamsini yote.

Nne ingemwokoa. Alivyozoea kuijaza yeye, baruti hufika karibu na mdomo, na kipimo cha pili kingemwagika mezani, hata kipofu angejua. Lakini Tano ni ganda la zamani, refu, lililotengenezwa kwa baruti nyeusi ya akina babu, na kile kipimo kidogo cha kuhurumia mkono hulala chini kabisa. Ukimimina cha pili linameza na kunyamaza. Akachukua tochi, akayamulika yote. Hakuna lililotofautiana na wenzake. Yote yalikuwa na makosa sawasawa, naye akaridhika, akayafunga.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba akalala kwenye mkeka, akalenga kuku wa chuma, akafyatua mara moja. Baadaye Ruel Stordahl, mwenyekiti wa klabu, alizifungua zile arobaini na tisa zilizobaki. Akaja hapa, kofia kifuani, akashindwa kuingia ndani. "Della," akasema, "ni zote." Bastola zetu zote ziko kwake sasa, na baruti, na mashine ya kujazia. Meza ya Orrin nimeifunika shuka. Hatarudi uwanjani, na wala hakuna aliyehitaji kumwambia, kwa sababu hakumbuki kwamba amekwenda.

Kila asubuhi anaiona bandeji. "Mkono huu umefanya nini?" Mara ya kwanza nilimweleza ukweli nusu: kwamba bastola ilipasuka, risasi ilikuwa na baruti mara mbili. Akaweka kikombe chini. Ulimwona baba yenu akikasirika? Sura ile ile.

"Nani aliyeijaza?"

Nikainuka kumwongezea kahawa.

"Nakuuliza, Della. Mtu wa namna hiyo hapewi hata manati. Mtu wa namna hiyo anaua watu. Nani?"

Alikuwa ananitazama, shemeji, na nikaona anaanza kutafuta. Anatafuta mwenyewe kichwani, anapapasa, na alikuwa anakaribia kufika. Nikasema, "Mimi."

"Wewe? Ulikuwa unatafuta nini mezani kwangu?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Kunisaidia! Miaka arobaini sijakosea hata moja, wewe mara moja tu unanikata kidole! Mwanamke, una wazimu?"

Akanifokea mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaketi, mgongo umenyooka, akala mayai yote, akaniuliza kama ngano imeota. Siku ile nzima alikuwa mtu safi, mwangalifu, asiyekosea. Basi nimeendelea hivyo. Kila asubuhi huniuliza, na kila asubuhi ni mimi. Siku nyingine hunisamehe kabla hajavaa viatu. Siku nyingine hanisamehe mpaka jua linazama. Jumatatu alilia, akasema ningeweza kumwua yule mwenzake wa jirani, mtu mwenye wajukuu, akaubeba mto wake akahamia chumba cha wageni. Sitaki kukuficha: siku ile niliingia banda la kuku nikalia mpaka kuku wenyewe wakanyamaza.

Usidhani nasema uongo mtupu. Nani aligonga ule mlango? Lakini usinielewe vibaya, wewe sikulaumu. Ulipiga simu kumsalimu ndugu yako, na ulimshauri risasi nyepesi kwa mkono mbovu, kama mtu yeyote mwenye akili. Nimejaribu kukulaumu wiki nzima, nimeshindwa. Ningefurahi sana kuweza.

Sina tumaini lolote la kukuandikia. Daktari anasema hadi majira ya kuchipua huenda asiulize tena. Watu wa kanisa wananiambia hiyo itakuwa nafuu. Nafuu ya nani? Mimi naomba aendelee kunifokea.

Basi hili ndilo ombi. Amekuwa akiitafuta namba yako kwenye daftari, anataka kunishtaki kwako, na siku moja ataipata. Akikupigia, usinitetee. Nakusihi, Merle. Usimwambie tulia, usimwulize una hakika. Kasirika pamoja naye. Mwambie, "Pole sana, kaka, yule mwanamke hakupaswa kugusa baruti yako." Sema kwa ukali, kama unasikia leo, hata akipiga mara mbili kwa siku. Na usije ukasahau ukacheka, maana anaijua sauti yako kuliko anavyoijua yangu.

Usije kumchukua. Najua utataka. Akifika kwako ataamka asubuhi auangalie mkono, na hapatakuwa na mtu wa kusema, "Ni mimi."

Nisalimie Twyla, mwambie kile kitambaa cha meza nitakimaliza nikipata utulivu. Nisalimie na binti yenu Jolene na mumewe, na yule mtoto mchanga ambaye sijamwona. Mzee Stordahl anakusalimu. Orrin naye anakusalimu. Leo mchana alikutaja, akasema mdogo wake ni mbishi asiye na dawa.

Mungu awalinde huko baharini, na awape usingizi mzuri, wa watu wasio na la kujilaumu.

Kitu kimoja zaidi. Akishamaliza kunisema atakuuliza swali lake lile lile, Nne au Tano. Bastola haipo ndani ya nyumba hii lakini bado anauliza. Najua umebishana naye miaka arobaini na hukuwahi kumpa hata nusu. Mwambie Nne. Mwambie alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa hilo peke yake, shemeji, hutakuwa unamdanganya.

Ndimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Idella Tveit