Kikao Kuhusu Macho ya Mzee Ísleifur

CHAMA CHA BOTI ZA KUTAZAMA NYANGUMI, SKARFAVÍK
Kikao cha dharura, Jumanne 12 Julai 2022, ghala la kamba, bandarini, saa 11:00 jioni.

Waliohudhuria: Sigtryggur (Mwenyekiti), Eldjárn na Aðalbjörg (manahodha), Ísleifur (mlinzi wa kilimani), Gunnvör (Katibu).
Asiyehudhuria: Hreiðar, fundi wa injini. Hakutoa udhuru. Alionekana akipita dirishani.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Eldjárn alitaka Katibu atoke nje kwa kuwa ni mke wa Ísleifur. Katibu aliuliza nani mwingine hapa anaweza kuandika mstari mmoja ukasomeka. Hakujitokeza mtu. Katibu alibaki.

KUMB. NA. 2/7: TUKIO LA JUMAMOSI
Mwenyekiti alieleza kwamba kwa miaka thelathini na moja Ísleifur amekaa kibandani juu ya rasi na darubini, akiwaelekeza manahodha kwa redio walipo nyangumi. Jumamosi aliwaambia, "Huku kwangu hakuna kitu, nendeni magharibi." Boti zote mbili zilikwenda, zikarudi bila kuona hata mkia. Muda huohuo nyangumi mkubwa alipita chini ya kibanda chake, karibu mno. Hata mwoka mikate alimwona akiwa mlangoni pake.

Eldjárn alisema hii ni mara ya tano. "Watalii arobaini wametapika bure! Mzee, ulikuwa umelala au?" Ísleifur alijibu kwamba hakulala. "Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Sioni, Eldjárn. Huu mwaka wa tatu. Hata wewe nakujua kwa kikohozi chako."

Maandazi yaliyoletwa kwa ajili ya kikao hayakuguswa.

KUMB. NA. 3/7: MAELEZO YA MLINZI
Aðalbjörg aliuliza imekuwaje basi misimu miwili iliyopita hakukosea. Ísleifur alieleza kwamba alikuwa akifungua dirisha na kusikiliza shakwe, wale ndege wa baharini. Samaki wadogo wakipanda juu, shakwe wa jabali lililo chini ya kibanda huwavamia kwa makelele, na nyangumi yuko chini yao anakula samaki walewale. Mwaka huu shakwe hawakuja kutaga. Akawa anabahatisha.

Eldjárn aliuliza kwa nini hakusema. "Ningesema, mngeniacha kule juu?"

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama alijua. Katibu alikiri kwamba alijua, na kwamba daftari la mlinzi, la kumbukumbu za nyangumi walioonekana, ni yeye aliyekuwa akiliandika. Eldjárn alitamka neno ambalo Katibu hataliandika.

KUMB. NA. 4/7: UAMUZI
Aðalbjörg alisema kwa uchungu kwamba yeye na Eldjárn wanapita chini ya jabali lile mara mbili kwa siku, wana macho mazima, na hakuna aliyegundua kuwa halina ndege. Mwenyekiti alisema hiyo si ajenda.

Kwa kura mbili dhidi ya moja iliamuliwa Ísleifur aondolewe, arudishe darubini na ufunguo kabla ya Ijumaa. Ísleifur na Katibu hawakupiga kura.

KUMB. NA. 5/7: MENGINEYO
Ísleifur aliomba dirisha lifunguliwe. Eldjárn alilifungua. Wajumbe walisikiliza kwa kama dakika moja.

"Mnasikia nini?"

Eldjárn alisema hasikii kitu.

"Basi hicho ndicho ninachosikiliza tangu Mei, kutwa nzima, peke yangu."

Kisha aliweka darubini na ufunguo mezani. Alikuwa amekuja navyo.

Kikao kilimalizika saa 12:20 jioni, dirisha likiwa wazi.

Mwenyekiti: Sigtryggur (sahihi)
Katibu: Gunnvör (sahihi). Kikao kijacho mtafuteni mwingine wa kuandika.