Jani la Sale Mezani kwa Bosi

Alhamisi, Julai.

Manyunyu tangu asubuhi, na mlima haujaonekana wiki nzima. Nimekaa pembeni kwenye mgahawa wa intaneti, mgongo ukutani, ili mtu asisome nyuma yangu. Jina langu siliweki hapa.

Mimi ni karani katika ofisi ya serikali inayoshughulika na habari. Hapa Moshi lipo gazeti dogo la Mzee Elinami. Hivi karibuni liliandika kwamba zahanati mpya kule Masama, iliyozinduliwa kwa ngoma na hotuba, haina maji. Bosi alikasirika. Aliagiza gazeti liombe radhi, la sivyo lifungiwe. Magazeti mengine yameshajifunza, siku hizi yanachapa taarifa zetu kama tulivyoyapelekea, hata makosa yangu ya kuchapa.

Habari ile ni ya kweli. Siku ya uzinduzi mimi ndiye niliyeshika sinia la mkasi. Baadaye nilifungua bomba ninawe mikono. Lilikohoa tu.

Leo Mzee Elinami alikuja ofisini, koti limelowa. Bosi alikuwa ametoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mkubwa wako hayupo? Basi pokea wewe. Wewe si mgeni wa mila hii."

Akanipa jani la sale. Kwetu Uchagani anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa: anasamehe, na jambo halitajwi tena. Nilisimama nikalipokea kwa mikono miwili kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyolelewa. Lakini nilipokea kama nani? Mimi sikukosewa kitu.

Mlangoni akageuka. "Naomba radhi kwa kuwaaibisha mbele ya wageni wenu. Habari yenyewe siiombei radhi."

Bosi, ambaye hakuzaliwa huku, alirudi akaliona lile jani.

"Vipi, kijana, umeanza kufuga mbuzi humu?"

Nikamweleza maana ya sale. Maneno ya mlangoni sikuyasema.

Niliogopa.

Alifurahi sana. Akalitia jani kwenye glasi ya maji, akaliweka mezani kwake. "Kumbe amekiri. Safi. Sasa mwandikie tangazo, alitoe ukurasa wa mbele Jumatatu: zahanati ina maji, gazeti lilidanganya. Akikataa, namfungia."

"Lakini bosi, sale likishapokelewa, jambo limekwisha."

"Kwenu limekwisha. Hapa ni ofisini. Tangazo nalitaka kesho mchana."

Tangu hapo sijielewi. Nikimwambia bosi yote aliyosema mzee, gazeti linafungiwa. Nikinyamaza, naandika uongo kwa jina la mtu aliyeiamini mikono yangu. Naye akiuchapa ili gazeti lipone, je, kilichopona ni gazeti? Labda angalau vijana wake wa mtamboni watabaki kazini. Au hayo najiambia ili nilale.

Baba husema zamani redio ilikuwa moja na kila mtu alijua ni ya nani. Sasa tumeambiwa kuna uhuru, meza ya muuza magazeti imejaa hadi chini, nami nikisoma nakutana na sentensi zangu mwenyewe. Sijui kama baba alikuwa na afadhali. Aibu hata kuuliza.

Nimejaribu kuandika lile tangazo mara kadhaa. Sentensi ya kwanza ni fupi tu: zahanati ina maji. Nikiifikia hiyo, vidole vinasimama.

Basi nimeamua hivi. Kesho alfajiri nitapanda Masama kabla ya kazi, nifungue lile bomba mwenyewe. Huenda wamelitengeneza. Likitoa maji, nitaandika bila kutetemeka.

Usiku huu nitaomba litoe. Ila sijui ninamwombea nani: wagonjwa, Mzee Elinami, au mimi.

Na lisipotoa?