Kitambaa Kilichoelekea Tunduma

Alhamisi, Nanyala, mwishoni mwa Novemba. Saa tisa alasiri. Jua kali, na kimya ambacho sijawahi kukisikia hapa kwetu.

Tangu asubuhi hakuna lori lililopita. Wanasema moja limelala katikati ya barabara huko karibu na Tunduma, na malori yamezuiwa pande zote mbili. Sisi tuliokulia kando ya lami hatujui kuishi bila mngurumo. Hata kuku wamejibanza ukutani, hawachakuri.

Nafundisha Jiografia, na mwezi huu nilijiona mtaalamu kweli kweli. Nilifunga kipande cha kitenge kwenye nguzo kando ya barabara, kila jioni nakiangalia na kuandika. Jua likihamia kusini, ardhi yetu inachemka, hewa inapanda, mgandamizo unapungua, na pepo za mbali zinakimbilia kujaza nafasi. Upepo wa mashariki hutufikia ukiwa mkavu. Wa magharibi, kutoka Kongo, ndio wenye maji. Kitenge changu kilipepea kuelekea Mbeya, yaani mashariki, siku zote, kwa hiyo nikajua Kongo imeshafika.

Mama hungoja mvua ya pili ndipo apande. Safari hii ilinyesha moja tu, nikamwambia asingoje. Akapanda mbegu yote.

Leo mchana nilikikuta kitenge kimelala kwenye nguzo. Halafu kikainuka polepole, bila gari lolote kupita, kikaelekea Tunduma, magharibi. Kikabaki hivyo hivyo.

Nikageuka kuitazama lami.

Upande wetu wa barabara ndiko yanakopita malori yanayotoka mpakani. Mwezi mzima nimekuwa nikipima upepo wa malori! Ule wa kweli ulikuwa wa mashariki, mkavu, unatupita tu huku mimi najaza daftari.

Nilikimbilia shambani nikafukua shimo moja. Mbegu ilikuwa imetoa kimzizi cheupe, kikakaukia humo humo. Shimo la pili vilevile. La tatu niliogopa.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akija.

"Mwalimu, huo upepo wako bado uko njiani?"

"Uko njiani, mama," nikamjibu.

"Haya. Maana Jumapili niliwaambia na wenzangu kanisani wasingoje. Nikawaambia mwanangu anaujua upepo."

Ndipo nikayasikia. Barabara ikiwa imenyamaza, kila kitu kinasikika: majembe, karibu na mbali, pande zote, yanagonga udongo mkavu. Sikuona mtu hata mmoja. Ni mlio tu.

Nimemdanganya mama yangu, kisha nimekuja kujificha huku kwenye blogu. Naandika na majembe bado yanagonga, na kila shimo linalotiwa mbegu sasa hivi ni kosa langu. Nani ataniamini tena nikiwaambia waache?

Nazima simu. Nitapita nyumba kwa nyumba kabla jua halijazama.

Naanza na mama.