Kome Wasioliwa na Mtu

Viwanja Sitini, Ifakara
9 Machi 1996

Dada Levina,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, Sikitu na baba yake. Sisi tupo. Mama yuko kwenye palizi Lupiro; mgongo unamsumbua, lakini ulimi haujambo. Amenipa jina, Bibi Konokono, na jirani yetu Fridolin kila asubuhi huniuliza kama serikali imekwisha kuwahesabu konokono wote wa baharini hata ikanirudisha nyumbani.

Nacheka nao. Wewe nitakuambia kilichonirudisha.

Unakumbuka nilipokuja kwenu pwani na wenzangu wa mradi kuokota kome nyuma ya kile kiwanda cha betri. Nilikueleza kwamba kome hunywa maji kutwa nzima na sumu ya madini ya risasi iliyomo humbakia mwilini, kwa hiyo tukimpima yeye tunajua bahari imetiwa nini. Mkuu wa mradi alipokuuliza kama mnawala, ulisema hamli, hicho si chakula cha watu. Wenzako walipokusikia, nao wakasema hawali. Nilijua sababu. Hukutaka mdogo wako msomi aonekane ana dada anayekula vya kuokota matopeni.

Kome wale walikuwa na risasi ya kutisha. Hata hivyo ripoti ikasema hakuna hatari kwa binadamu, kwa kuwa hawaliwi na mtu. Iliposomwa kikaoni, watu wa kiwanda walitabasamu, chai ikaletwa.

Ndipo niliposimama. Dada, nilikutaja kwa jina. Nilisema wewe ni dada yangu wa tumbo moja, magamba ya kome yamejaa nyuma ya jiko lako, na mwanao Sikitu anakunywa mchuzi wao tangu anaota meno. Mkuu akauliza, kati yetu wawili, mwongo ni yupi? Wakacheka. Mkataba wangu haukuongezwa.

Kazi siililii. Kinachonichoma ni kwamba ulidanganya kwa ajili ya heshima yangu, na heshima yenyewe ndiyo ile waliyoicheka.

Usimpe Sikitu mchuzi ule tena. Mpeleke hospitali, omba wampime damu. Na wakija kukuuliza mara ya pili, usinifikirie mimi. Wapeleke nyuma ya jiko.

Mama anakusalimu sana. Anadhani nimerudishwa na homa. Nimempa kondakta wa basi mchele na perege wakavu wa mto wetu awaletee, mle hao. Mto huo hakuna aliyewahi kuupima, basi tunasema ni safi.

Mdogo wako,
Aurelia