Nafasi Moja ya Msichana

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule kaja darasani leo, kifua mbele. Timu ya gari la umeme haitakwenda tena mashindanoni mjini Trondheim ikiwa na wavulana watupu. Lazima awemo msichana. Mmoja! Watu sita, msichana mmoja, na sisi tupige makofi. Nikapiga. Kwa nguvu kabisa, maana nafasi hiyo ni yangu. Nani mwingine darasa la kumi anajua kuunga nyaya? Pikipiki ya kaka nimeifufua mimi.

Jumatano, 6 Machi

Wamemchagua Sunniva.

Sunniva! Rafiki yangu tangu chekechea, anayeogopa hata kubadilisha balbu. Waliopiga kura ni wale wale wavulana wa timu. Nimemsikia Mads akiwaambia wenzake pale tunapovulia viatu: "Ingvild? Thubutu! Yule atatukosoa mpaka tujute. Sunniva hana neno." Eti ndiyo sifa — hana neno.

Nimemkumbatia, nikampa hongera. Mashavu yameniuma kwa kutabasamu.

Jumatatu, 11 Machi

Picha yake iko ukutani, penye mlango mkubwa wa shule. Kavaa miwani ya karakana, kashika bisibisi kama kijiko cha supu! Mkuu kapita na wageni: "Hapa kwetu usawa si maneno matupu." Jioni mama naye: "Sunniva kapendeza, eh?" Nikaacha samaki mezani.

Nina wivu. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepita karakana makusudi. Wavulana wote wamelizunguka gari. Sunniva je? Yuko jikoni mwa shule, anaoka mikate midogo ya iliki ya kuchangisha nauli ya timu. Peke yake, unga hadi kwenye nyusi. Nikacheka moyoni. Nimecheka kweli, Mungu anisamehe.

Halafu nikaona Mads anaunga nyaya za mota ovyo ovyo. Nikamwambia. Naye: "We dada, uko timu gani wewe?" Wote wakaangua kicheko. Nikaondoka.

Jumapili, 17 Machi

Sunniva kaja mchana, macho mekundu. Ijumaa alimkabili Mwalimu Eivind, msimamizi wa timu. Sunniva huyu huyu asiye na neno! "Sioki tena. Mwingizeni na Ingvild, tuwe wawili, tushike vyuma kama wenzetu. La sivyo natoka." Eivind akasema atafikiria.

Amenipigania. Na mimi wiki nzima namwombea aharibu.

Tulikuwa bado ngazini simu yangu ikalia. Ujumbe wa Eivind: wawili haiwezekani, timu imejaa. Lakini kama Sunniva anatoka, nafasi ya msichana iko wazi. Naitaka? Nijibu kabla ya chakula cha jioni, majina yanatumwa leo.

"Nani huyo?" Sunniva akauliza.

"Kaka," nikasema.

Sasa yuko chini na mama. Namsikia akimweleza kuwa kesho tutaingia kwa mkuu pamoja, wawili au hakuna. "Ingvild hawezi kuniacha, mama," anasema. Na mama: "Wala!"

Mimi niko chumbani, mlango nimefunga. Kwenye simu nimeandika "Ndiyo". Nimefuta. Nimeandika tena, safari hii na alama ya mshangao.

Sunniva anapanda ngazi —